Nafasi Ndogo Zinazoitunza Pikipiki: Mwongozo wa Kupima na Kurekebisha Nyumbani

Pikipiki ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, yenye injini ya cc 100 hadi 150, ina sehemu nyingi ambazo hazitakiwi kukazwa hadi mwisho. Cheni hutakiwa kulegea kiasi, mkono wa klachi hutakiwa kwenda bure kidogo kabla ya kuvuta, ncha mbili za plagi hutakiwa kuachana, na kati ya tapeti, yaani kimkono cha chuma kinachoisukuma vali ifunguke, na vali yenyewe hutakiwa kubaki upenyo mwembamba kuliko karatasi. Nafasi hizi hubadilika polepole kwa joto, vumbi na uchakavu, na mtu anaweza kuzipima zote nyumbani kwake kwa vifaa vinavyoenea katika mfuko mmoja mdogo. Nimeona pikipiki nyingi zikiharibika si kwa uzee bali kwa sababu mtu alikaza kwa kukisia, na ndiyo maana mwongozo huu unashikilia utaratibu mmoja: pima kwanza, kisha ndipo uguse.

Mifano mingi nitaitoa kwenye injini za jamii ya Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuundwa mwaka 1976 na ambayo muundo wake wa vali zinazosukumwa kwa vyuma virefu umenakiliwa na viwanda vingi vya China, kiasi kwamba ukifungua injini ya pikipiki ya bei nafuu katika mji wowote wa Afrika Mashariki kuna uwezekano mkubwa wa kukutana nao. Mwenye Bajaj Boxer au TVS HLX atafuata hatua zilezile, ila tarakimu zake zitakuwa tofauti. Tarakimu hizo zimo katika kitabu cha pikipiki, na baadhi yake hubandikwa kwenye stika karibu na gurudumu la nyuma. Pale kitabu chako kinapotofautiana na nilichoandika hapa, fuata kitabu.

Vifaa na mahali pa kazi

Tafuta sakafu iliyo sawa, yenye kivuli na mwanga wa kutosha, na uisimamishe pikipiki kwa stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie. Andaa ringi spana za namba 8 hadi 17, spana kubwa inayolingana na nati ya ekseli ya nyuma, boksi spana chache, bisibisi mbili, plaizi, spana ya plagi, rula ya chuma yenye milimita, brashi, matambara safi, beseni la kumwagia oili na mafuta ya taa kiasi cha nusu lita. Kifaa ambacho watu wengi hawana, na ambacho bila hicho nusu ya mwongozo huu haifanyiki, ni filageji: kile kifurushi cha vibati vyembamba vya chuma, kila kimoja kikiwa kimechorwa unene wake kwa sehemu za milimita. Huuzwa katika maduka mengi ya vipuri, na kikitunzwa kwa kupakwa oili kidogo ili kisipate kutu kitakutumikia miaka mingi.

Kabla ya kufungua chochote, safisha eneo unalotaka kufungua. Ninaishi mahali ambapo vumbi la kiangazi huingia hata ndani ya kabati, na nimejifunza kwamba chembe ya mchanga iliyokaa pembeni mwa plagi haingoji mwaliko. Plagi ikishatoka tu, mchanga huo huanguka ndani ya silinda. Piga picha kwa simu kila unapofungua sehemu usiyoizoea, na weka bolti katika vifuniko vya chupa kwa mpangilio uliozitolea.

Oili na chujio la hewa, kwa ufupi

Sehemu hii nitaipita haraka kwa kuwa wengi wanaijua. Washa injini kwa dakika tatu hadi tano ili oili ipate uvuguvugu na ibebe uchafu, zima, fungua bolti ya chini na uache oili itiririke kwa dakika kumi. Katika baadhi ya injini nati hiyo ni kubwa na nyuma yake kuna springi na chujio la wavu. Ifungue polepole huku umeishikilia, maana springi huweza kuirusha, na lisafishe chujio kwa mafuta ya taa kabla ya kulirudisha. Injini za jamii hii hupokea oili ya takriban lita moja. Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu diski za klachi huogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili nyingi za kisasa za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze.

Bolti ya kumwagia oili ndipo mahali pa kwanza ambapo nguvu huleta hasara. Mwili wa injini ni aluminiamu na bolti ni chuma, kwa hiyo anayeshindwa daima ni aluminiamu. Ianze kwa vidole hadi igote, ukiwa umeweka washa mpya, kisha ikaze kwa spana fupi kwa mkono mmoja bila kuning'inia juu yake. Ikivuja tone baadaye, tatizo karibu kila mara ni washa iliyochoka au uchafu chini yake, na kuikaza zaidi hakutalitatua.

Chujio la hewa la sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, likakamuliwa kwa kubanwa kati ya viganja bila kusokotwa, likakaushwa, likapakwa oili kidogo na kubanwa tena ili ibaki unyevu tu. Lile la karatasi halioshwi. Hupulizwa kwa upepo kutoka upande wa ndani kwenda nje, na likiwa jeusi hubadilishwa. Petroli usiitumie kwa kazi ya kuosha, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo kabisa na huharibu sponji.

Plagi

Plagi hutolewa injini ikiwa imepoa. Puliza vumbi kulizunguka shimo lake, vua kofia ya waya kwa kushika kofia yenyewe badala ya kuvuta waya, kisha ifungue kwa spana yake. Isome rangi kabla ya kuifuta, kwa maana inakueleza yaliyotokea ndani ya silinda. Rangi ya kahawia iliyopauka ni ya injini yenye mchanganyiko mzuri wa hewa na petroli. Masizi meusi makavu huonyesha petroli nyingi kuliko hewa, na jambo la kwanza la kukagua hapo ni chujio la hewa na choki iliyobaki imefungwa. Weupe kama chokaa huonyesha joto kali au petroli kidogo, na mara nyingi kuna hewa inayopenya kwenye mpira wa kabureta. Weusi wenye unyevu wa oili ni habari nzito zaidi, kwa sababu oili inapanda kupitia ringi za pistoni au inashuka kupitia vali, na kazi hiyo ni ya fundi.

Sasa pima nafasi kati ya ncha mbili. Kwa plagi nyingi za injini hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7, na baadhi ya pikipiki hutaka hadi 0.8. Kibati cha kipimo kinachotakiwa kipite kwa kugusa pande zote mbili kidogo. Nafasi ikiwa kubwa, gonga ile ncha iliyopinda taratibu juu ya ubao. Ikiwa ndogo, inyanyue kwa plaizi nyembamba. Usichokonoe kwa bisibisi ukiegemea ncha ya katikati, kwa sababu kauri yake hupata ufa usioonekana, na pikipiki itaanza kukatakata mlimani bila wewe kujua sababu.

Wakati wa kuirudisha, izungushe kwa vidole peke yake hadi igote. Ikikataa kuingia kwa vidole, itoe na uanze upya. Plagi inayolazimishwa kwa spana ikiwa imeingia upande hula thredi za silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), na gharama yake hailingani kabisa na dakika moja ya subira. Ikishagota, plagi mpya yenye washa mpya huongezwa theluthi hadi nusu ya mzunguko. Plagi iliyokwisha kutumika, ambayo washa yake imeshabanwa, huongezwa kiasi kidogo tu, sawa na mkono mfupi wa saa unaposogea kutoka saa moja kwenda saa mbili.

Tapeti

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, kwa sababu ndiyo nafasi ndogo kuliko zote na ndiyo inayoamua maisha ya injini. Vali hurefuka inapopata joto. Kama imeachiwa nafasi inayotakiwa ikiwa baridi, basi ikiwa ya moto bado itaweza kurudi na kukaa kikamilifu kwenye kiti chake. Kama nafasi haipo, vali itabaki imeinuliwa kidogo hata inapopaswa kuwa imefungwa, na moto wa mchomo utapenya pembeni mwake. Jambo la pili ni zito zaidi: vali, hasa ile ya kutoa moshi, hupoa kwa kugusana na kiti chake kila inapofunga. Vali isiyofunga haipoi, na vali isiyopoa huungua ukingo wake. Dalili zake ni kiki kuwa nyepesi, injini kukataa kuwaka asubuhi, na milipuko kwenye bomba la moshi.

Kinyume chake, tapeti iliyolegea hupiga kelele ya tiki-tiki na hupunguza nguvu kidogo, lakini haiunguzi kitu haraka. Wapenda pikipiki wengi hujivunia injini iliyo kimya, wakaenda kwa fundi kumwambia aondoe ile sauti, naye akaiondoa kwa kukaza tapeti hadi mwisho. Nilifanyiwa hivyo wakati mmoja na nikafurahia ukimya ule kwa wiki kadhaa, mpaka pikipiki ilipopoteza pumzi katikati ya mlima nikiwa na mzigo. Vali ya moshi ilipotolewa, ukingo wake ulikuwa umeliwa kama sarafu iliyotafunwa. Tangu hapo ninaiona sauti nyepesi ya tapeti kuwa ni ishara kwamba nafasi bado ipo.

Kwa CG125 nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia upenyo ambao hata karatasi hiyo haiingii. Macho hayawezi kuuona na vidole haviwezi kuukisia. Filageji ndiyo peke yake inayoweza kusema ukweli. Hatua zake ni hizi.

1. Iache pikipiki ilale usiku mzima. Injini iliyopumzika saa moja bado ina joto ndani, na kipimo chake kitakudanganya.

2. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua kifuniko cha tapeti juu ya silinda hedi, au vile vifuniko viwili vidogo kama injini yako ni ya aina hiyo. Upande wa kushoto wa injini fungua vifuniko vya duara: kimoja hukupa njia ya kuishika nati ya flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na injini, kingine ni dirisha la kuonea alama.

3. Kwa boksi spana, izungushe flaiwili kinyume na mwendo wa saa huku ukiitazama vali ya kuingiza, yaani ile ya upande wa kabureta. Itashuka, kisha itapanda. Ikishapanda endelea kuzungusha polepole hadi herufi T iliyochorwa kwenye flaiwili ilingane na alama ya dirishani. Kuna pia herufi F jirani yake, nayo ni ya moto wa plagi. Wengi wameseti tapeti kwenye F na kushangaa matokeo yake.

4. Zishike tapeti zote mbili kwa vidole na uzitikise. Zote zinapaswa kuwa na mchezo kidogo. Kama moja imebanwa, huenda uko kwenye mzunguko usio wake, kwa hiyo zungusha flaiwili duara moja kamili hadi T irudi, kisha ujaribu tena. Kama baada ya hapo bado moja haina mchezo wowote, basi umeshaipata vali iliyobanwa.

5. Ingiza kibati cha 0.08 kati ya skrubu ya tapeti na kichwa cha vali. Kinapaswa kupita kwa ukinzani mdogo, mfano wa kuvuta karatasi iliyolaliwa na daftari jembamba. Kisha jaribu kibati cha 0.10, ambacho hakipaswi kupita. Majaribio haya mawili kwa pamoja yana uhakika zaidi kuliko moja, kwa kuwa yanaondoa mabishano kuhusu ukinzani mdogo ni upi.

6. Kama kipimo hakikukaa sawa, legeza nati ya kufungia kwa ringi spana, acha kibati ndani, zungusha skrubu taratibu hadi uhisi ukinzani, shikilia skrubu isisogee, kisha kaza nati. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu nati inapofunga huivuta skrubu na kuibadilisha nafasi. Mara tatu nne za kurudia si aibu. Hata mafundi wazoefu hurudia.

7. Zungusha flaiwili duara mbili kamili na upime kwa mara ya mwisho. Kipimo kikikubali, safisha sehemu ya kukalia kifuniko, angalia mpira wake kama haujapasuka, na ufunge.

Nati za hapa ni ndogo na hazihitaji nguvu ya bega. Kifundo cha mkono kinatosha.

Cheni

Kuna imani iliyoenea kwamba cheni iliyokazwa huipa pikipiki nguvu. Ukweli ni kwamba gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka juu ya mashimo, umbali kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma hubadilika, na katika sehemu ya safari hiyo cheni huhitaji urefu zaidi kuliko ilivyo pikipiki ikiwa imesimama. Kama haikuachiwa ulegevu, mvutano wote huhamia kwenye beringi ya shafti ya sproketi ya mbele na beringi za gurudumu. Cheni iliyovutwa kama uzi wa gambusi hula beringi na sproketi kimyakimya, na mwenye pikipiki hugundua pale oili inapoanza kuchuruzika nyuma ya sproketi ya mbele.

Pima hivi. Weka gia huru na injini ikiwa imezimwa, na funguo umeitoa, kwa sababu vidole vimekatwa na cheni kwa kuwashwa pikipiki wakati wa kuisafisha. Weka rula wima katikati ya cheni ya chini, isukume juu kwa kidole, kisha ishushe, na usome tofauti. Milimita 20 hadi 30 ndicho kipimo cha pikipiki nyingi za aina hii. Zungusha gurudumu robo duara na upime tena, mara nne, maana cheni haichakai sawasawa. Seti kwa kufuata mahali ilipokaza zaidi. Mwisho, mwambie mtu akae kwenye siti na upime: bado pawepo na ulegevu.

Kama kipimo kimezidi, legeza nati ya ekseli bila kuitoa, kisha zungusha virekebisho vya pande zote mbili kwa kiasi kinacholingana, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Alama zilizochongwa pembeni husaidia, lakini katika pikipiki zilizowahi kuanguka huwa hazisemi kweli, hivyo nami hupima kwa kamba kutoka kwenye bolti ya egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma na kupanda na kushuka nalo) hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Kaza ekseli vizuri, kwani hii ni moja ya nati zinazotaka nguvu, na urudishe pini yake ya usalama. Kisha pima cheni tena, kwa kuwa kukaza ekseli mara nyingi hupunguza ulegevu kwa milimita kadhaa. Pia kumbuka kwamba kulirudisha gurudumu nyuma huvuta chuma cha breki ya nyuma, kwa hiyo breki ambayo asubuhi ilikuwa sawa sasa inaweza kuwa inagusa daima.

Uchakavu wa cheni nao hupimwa. Cheni za namba 428 na 420, zinazotumika katika pikipiki nyingi ndogo, zina umbali wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute ikae sawa, hesabu kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21, na utapata milimita 254 ikiwa mpya. Ikifika milimita 259 imekwisha, hata kama bado inang'aa, na ni busara kubadilisha sproketi zote mbili pamoja nayo kwa sababu meno yaliyochongeka yataiharibu cheni mpya mapema.

Kuisafisha, tumia brashi na mafuta ya taa, pangusa hadi ikauke, kisha pitisha oili ya gia ya SAE 90 upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Iache ikae usiku mmoja na uipanguse iliyozidi, la sivyo itanasa vumbi na kugeuka msasa. Wanaoishi pwani, ambako hewa ya chumvi huleta kutu kwa siku chache, wafanye hivi mara nyingi zaidi, hasa masika. Ikiwa cheni yako ina kiungo chenye klipu, hakikisha upande wa klipu uliofungwa unaelekea kule cheni inakokwenda, na upande wenye uwazi unabaki nyuma.

Klachi, resi na breki

Mkono wa klachi uende bure milimita 10 hadi 20, ukipimwa kwenye ncha yake, kabla ya waya kuanza kuvuta. Usipokuwa na mchezo huo, diski hazibanwi kikamilifu na huteleza: injini inapiga kelele mlimani, mwendo hauongezeki, na baada ya muda utasikia harufu ya kuungua. Mchezo ukizidi, klachi haiachii, gia zinaingia kwa kishindo na gia huru haipatikani. Anza kurekebisha kwenye upande wa injini, na kile kirekebisho cha mkononi kiache kwa marekebisho madogo ya njiani. Waya ukiwa mzito, uchomoe, funga kipande cha mfuko wa plastiki juu ya mdomo wake kama faneli, mimina oili nyepesi, na uutundike hadi itokeze upande wa chini. Waya uliokatika nyuzi hata mbili hautengenezwi, hununuliwa mwingine.

Mzunguko wa resi unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6. Jaribio lake ni la lazima: washa injini, iache ingurume taratibu bila resi, kisha geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Mngurumo usibadilike. Ukipanda, waya umebana au umepitishwa pasipo pake, na pikipiki ya namna hiyo inaweza kukurusha mbele unapokata kona ya polepole. Usiipande hadi uirekebishe.

Kanyagio la breki ya ngoma lishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika, na gurudumu likiwa hewani lizunguke bila kukwaruza. Katika ngoma nyingi kuna mshale mdogo unaoonyesha uchakavu wa breki shuu. Unapofikia alama ya mwisho huku breki imekanyagwa, zibadilishe badala ya kuendelea kukaza. Ukiifungua ngoma, vumbi lake lipanguse kwa tambara lenye maji, usilipulize kwa mdomo. Breki ya diski haina nafasi ya kukazwa. Wewe angalia unene wa padi na kiwango cha mafuta ya breki, na ukiona kinashuka au mkono umekuwa laini kama sponji, mpelekee fundi.

Mahali pamoja hapatakiwi mchezo kabisa, napo ni beringi za usukani. Weka kigogo chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie, shika miguu ya mbele kwa chini, na uvute na kusukuma. Mlio wa "tok" ni dalili ya ulegevu. Kisha geuza usukani kwa kidole kimoja: uteleze wenyewe pande zote bila kukwama katikati. Ukihisi kama unaingia kwenye kijishimo pale gurudumu linapoelekea mbele, gololi zimechimba njia yao na zinahitaji kubadilishwa.

Baada ya kufunga kila kitu

Zunguka mtaa kwa mwendo wa polepole kama kilomita moja, jaribu breki mara tatu, sikiliza, kisha rudi uangalie kama kuna tone la oili na kama nati ya ekseli haijasogea. Baada ya kilomita 50 pima cheni na mchezo wa klachi tena. Upepo wa matairi upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi. Kwa Boxer, kwa mfano, ni psi 25 mbele, na nyuma psi 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria.

Oili iliyomwagwa ifungie kwenye galoni na uipeleke gereji inayoikusanya, isiishie mferejini wala kisimani. Vaa glavu unapoishika, kwani oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi.

Chukua daftari la shule na uandike tarehe, kilomita, na kila kipimo ulichokikuta kabla ya kukirekebisha. Wengi huandika walichokifanya na kuacha walichokikuta, ilhali walichokikuta ndicho kinachozungumza. Tapeti ya moshi ikikutwa na 0.08, safari inayofuata 0.06, kisha 0.04, ina maana vali inazama kwenye kiti chake, na mfuatano huo wa tarakimu tatu ndio utakaomwonyesha fundi wako kwamba silinda hedi inahitaji kufunguliwa kabla vali haijaungua.